Ndiyo maana anatisha

Jumanne usiku nilisimama mlangoni pa chumba cha Kitinda, mswada wa kazi mkononi, nikamwambia neno nililodhani ni la hekima, naye akanijibu neno ambalo hadi leo Jumamosi halijanitoka. Ofisi imehama na mdogo wangu amejifungua salama mtoto wa kiume, lakini mimi bado nimesimama mlangoni pale.

Alikuwa akimalizia Coraline, riwaya ya Neil Gaiman ya mwaka 2002 kuhusu msichana wa jina hilo anayevuka mlango na kumkuta mama mwingine, mwenye vifungo badala ya macho. Nilimwuliza kama haoni kwamba kitabu hicho kinawatisha watoto bure. "Mama," akasema bila kuinua macho, "yule mama mwingine anapika vizuri, halikosei jina la Coraline, na anamsikiliza. Ndiyo maana anatisha."

Nilicheka, nikamwambia azime taa. Tangu hapo nimekuwa nikiyarudia maneno yale nikiosha vyombo na nikipanga makaratasi, na kila mara ninakwama palepale: hakusema "lakini anatisha". Alisema "ndiyo maana". Tena aliyataja yale mambo matatu polepole, kama mtu anayehesabu vitu ambavyo kwao havipatikani.

Siku mbili nilinuna peke yangu. Alhamisi nikakichukua kitabu chenyewe, nikasoma hadi pale kwenye meza ya jikoni: sahani, uzi mweusi, sindano ndefu ya fedha, na vifungo viwili vikubwa vyeusi vya kushonewa machoni. Hakuna anayepiga kelele. Mtoto anaahidiwa kupendwa milele, na malipo ni macho yake. Hapo uchungu wangu ukageuka kuwa kitu kama furaha, maana kwa miaka yote ya uhariri nimekuwa nikiwashauri waandishi wa vitabu vya vijana wautenge upendo na vitisho, upendo uje mwishoni kama taa ya kufukuzia giza, ilhali riwaya za kigothi, zile za majumba ya kale na siri za kutisha, huviweka vyote viwili chini ya paa moja. Nilipokuwa na umri wake nilisoma Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë ya mwaka 1847, nikikiruka kile kicheko cha ghorofa ya juu ili nifike upesi kwenye posa. Sikutaka kukubali kwamba Rochester, bwana wa nyumba ile, anayeposa ndiye huyohuyo aliyemfungia mke wake kule juu. Kitinda asingeruka.

Ann Radcliffe, mwandishi Mwingereza wa riwaya za kigothi, katika insha iliyochapishwa mwaka 1826 akiwa amekwisha kufariki, aliitenga hofu inayoipanua nafsi na kuiamsha akili, mbali na kitisho kinachoigandisha. Sindano ile juu ya sahani ni ya hofu ya kwanza. Inamfanya msomaji ajiulize swali ambalo kijana yeyote aliyeanza kupendwa na watu wa nje ya kwao analihitaji: huyu ananipenda, au anataka niwe wake tu?

Jana usiku nilirudi mlangoni pale mikono mitupu, nikamwuliza yeye angefanya nini akiwekewa sahani ile. Akafikiri kidogo. "Ningemwuliza vifungo vyake yeye alishonewa na nani."

Nikaketi kitandani kwake, tukazungumza hadi saa tano, naye akikohoa kila baada ya sentensi mbili. Kikohozi hiki sasa kina wiki ya pili, kimekuwa kikavu, na kwenye chupa ya dawa kimebaki kijiko kimoja.