PrEP kwa sisi tunaolala kumekucha

Mteja anayepandisha dau ili umkubalie kavu, yaani bila kondomu, wewe si wa kwanza kuombwa naye. Hilo nalijua tangu zamani, lakini kodi ya nyumba ikikaribia, kukataa kunakuwa kugumu. Na wapo wasioomba kabisa: anaivua kondomu kimyakimya katikati ya shughuli. Ndiyo maana nikataka kinga isiyongoja ridhaa ya mteja: PrEP, vidonge vya kujikinga na VVU kabla ya kuambukizwa.

Nilipimwa VVU kwanza, maana PrEP ni ya asiye na virusi. Kichefuchefu cha mwanzo kilipita chenyewe. Shida ilikuwa kumeza kila siku. Nesi alisema, "Meza usiku kabla ya kulala." Usiku upi? Mimi nalala watu wakienda kazini. Nikahamishia mchana: nikiamka, kidonge kwanza, simu baadaye. Mwelimishaji rika, naye wa kazi hiihii, ndiye aliyenieleza kwamba mwanamke ameze angalau siku 7 mfululizo kabla ya kuitegemea.

Halafu kikopo. Kinafanana na cha ARV, dawa za wanaoishi na VVU, na kwenye mkoba kinalia kama kayamba. Ukiishi na wenzako chumba kimoja, jioni tayari wewe ni mgonjwa midomoni mwa watu. Nilibandua lebo, nikakitia ndani ya soksi nene. Kelele zikaisha, na umbea pia.

Kondomu sijaiacha, kwa sababu PrEP haizuii kisonono, kaswende, klamidia wala mimba. Naitaja kabla ya bei. Bei ikishatajwa, mteja anaona kila kitu kinauzwa. Natumia kilainishi cha maji, kwani mafuta ya kujipaka hudhoofisha mpira ukapasuka. Zile dawa za kukaza uke na kuosha ndani kwa sabuni nimeachana nazo: zinachubua, na penye michubuko virusi hupita kwa urahisi.

Mwenzangu asiyetumia PrEP alipasukiwa kondomu alfajiri. Nilimtoa kitandani asubuhi ileile twende tukachukue PEP, dawa za dharura za kuzuia VVU baada ya tukio, kwa kuwa mwisho wa kuzianza ni saa 72, na ukianza mapema ndiyo vizuri zaidi. Alinuna njia nzima, ila alimaliza siku zote 28.

Kila miezi 3 narudi kupima VVU na magonjwa ya zinaa, hata kama siumwi popote. Klamidia kwa mwanamke mara nyingi haina dalili. Kituo cha kwanza niliulizwa mbele ya foleni, kwa sauti, nina wanaume wangapi. Nilihama. Ninapokwenda sasa wanauliza mlango ukiwa umefungwa, nami nawajibu ukweli, koo na njia ya nyuma vikihusika.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lenakapaviri, sindano ya kinga inayochomwa mara 2 kwa mwaka. Nimeshamwambia nesi: ikifika hapa, aanze na jina langu.