"Nitafute baadaye" si hapana: simu za matangazo na madodoso majumbani

Unapokea simu, unasema haloo, kimya. Sekunde mbili, tatu. Halafu unasikia kelele za ukumbi wenye watu wengi wanaoongea kwa pamoja, na sauti inaanza: "Habari za mchana, naongea na..."

Kile kimya kina sababu yake. Kompyuta ya kituo cha simu hupiga namba nyingi kuliko wahudumu waliokaa kwenye viti, kwa kuwa inajua wengi hawatapokea. Ukipokea, inakutafutia mhudumu aliye huru, na wakati huo wewe unasikia ukimya. Asipopatikana, simu inakatika yenyewe, nawe unabaki kujiuliza nani kakubipu. Ukishaujua ukimya huo, huna haja ya kuita "haloo, haloo". Hizo ni sekunde zako za kuamua unaongea au unakata.

Ila kukata peke yake hakufui dafu, na kuacha iite ndiyo kabisa. Mhudumu ana skrini yenye orodha fupi ya majibu na hasogei kwa mteja anayefuata mpaka achague moja: hakupokea, hapatikani, apigiwe baadaye, amekataa, namba si yake, amekubali. Ukiacha iite, inaandikwa "hakupokea", na namba yako inarudi kwenye foleni ijaribiwe saa nyingine. Leo mchana, kesho jioni, Jumamosi asubuhi umekaa na chai yako.

Kosa kubwa zaidi tunalifanya kwa ustaarabu wetu. Watu wa Dar hatumkatalii mtu waziwazi. Tunasema "nipo kwenye daladala, nitafute baadaye", au "ngoja nijipange, nitakucheki", na kati yetu kila mtu anaelewa kwamba hiyo ni hapana iliyovaa kanzu. Kompyuta haielewi. Kwake hiyo ni miadi: inaandikwa "apigiwe baadaye", mara nyingi pamoja na siku na saa, na siku hiyo ikifika utapigiwa na mtu mwingine kabisa ambaye kwenye skrini yake wewe ni mteja mwenye nia. Wanaolalamika kwamba kampuni fulani ya bima au ya viwanja haiwaachi, wengi wao hawajawahi kuiambia hapana hata mara moja.

Maneno yanayofunga foleni ni mafupi. "Dada, sihitaji hii huduma. Naomba uandike nimekataa, na namba yangu itolewe kwenye orodha ya matangazo. Asante." Basi. Usitoe sababu, maana sababu ndiyo mlango wa kuendelea: ukisema huna hela, karatasi yake ina jibu la malipo kidogo kidogo, ukisema mpaka uongee na mume wako, anaomba namba ya shemeji. Na usitukane. Aliyetukanwa ni rahisi achague "simu imekatika", na hiyo inakurudisha kwenye foleni ileile uliyotaka kutoka.

Kabla hujakata, uliza mawili: unapiga kwa niaba ya kampuni gani, na namba yangu mmeitoa wapi? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka anayetuma tangazo la biashara awe na ridhaa yako, ajitambulishe mwanzoni, na akupe njia ya kujitoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kudai taarifa zako zisitumike kukutangazia biashara. Kuna jambo moja hapa linalowaponyoka wengi: anayepiga anaweza kuwa wa kampuni iliyokodiwa tu, na kukataa kwako kukaishia kwenye kampeni hiyo moja. Kwa hiyo iandikie benki au kampuni yenyewe barua pepe ya mistari mitatu: namba yako, tarehe na saa ya simu, na dai la kuondolewa. Weka nakala. Wakiendelea, nakala hiyo ndiyo utakayoambatanisha na malalamiko yako kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama tatizo ni mtandao wako wa simu wenyewe, anza na huduma kwa wateja, namba 100. Majibu yasiporidhisha, nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, jengo la Mawasiliano, barabara ya Sam Nujoma.

Madodoso ni habari nyingine, na si haki kuyatia kapu moja na wauza bima. Sauti za Wananchi, utafiti wa shirika la Twaweza, imekuwa ikikusanya maoni ya wananchi kwa simu kwa miaka mingi, na watafiti wengine hufanya vivyo hivyo. Wapo wanaopiga namba zilizotungwa na kompyuta bila mpangilio, kwa hiyo simu ya dodoso si lazima iwe ushahidi kwamba kuna mtu kaiuza namba yako. Mdodosaji wa kweli hutaja jina lake, taasisi, lengo, na dakika zitakazotumika. Anakwambia kushiriki ni hiari na kwamba unaweza kuruka swali. Atauliza umri wako, idadi ya watu mnaokula chungu kimoja, paa ni la bati au la nini, maji mnachota wapi. Maswali hayo yanaonekana ya umbea lakini ndiyo yanayopima hali ya kaya. Hana sababu ya kutaka namba ya siri, salio, wala namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Kama kuna shukrani ya vocha, inakuja baada ya mahojiano, na hutoi chochote ili uipate. Hutaki? Sema "sitashiriki". Hapa hasa kutopokea kunakuponza, maana utafiti mzuri hujaribu namba moja mara kadhaa, siku na saa tofauti, kabla ya kuiacha.

Wapo pia wanaokusumbua kwa deni la mtu mwingine. Aplikesheni za mikopo ya mtandaoni zilikuwa zikichota majina yote kwenye simu ya mkopaji, akichelewa kulipa wanapigiwa shangazi, bosi na fundi wake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Ukipigiwa, sema "mimi si mdhamini na sijasaini popote". Usiahidi kumfikishia ujumbe mdaiwa. Ukiahidi umeshakuwa tarishi wao, na kesho watauliza umefikia wapi.

Matapeli hawana foleni wala skrini, kwa hiyo hotuba ya hapo juu usiwapotezee. Mtandao wako ukikupigia kuhusu huduma, namba ni 100; anayetumia namba ya kawaida ya tarakimu kumi akisema ni wa makao makuu, kata. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" upeleke kama ulivyo kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha ukijibiwa tuma namba iliyokutumia. Simu ya nje inayoita mara moja na kukatika, usiipigie: ni mtego wa gharama, salio linayeyuka ukiwa unasikiliza mlio. Na mtu akikwambia ubonyeze *21* ikifuatiwa na namba na alama ya reli, anahamishia simu zako kwake, zikiwemo zile za kuthibitisha akaunti. Kagua kwa *#21#. Futa kwa ##002#. Halafu piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ile usiyoitambua ikafungwe.

Kuhusu namba yenyewe: 074 au 065 haikwambii tena kwa uhakika mtu yuko mtandao gani, kwani tangu Machi 2017 mtu anahama na namba yake.

Sasa, namba inavujia wapi? Mara nyingi si kwa wadukuzi. Angalia daftari la wakala wa pesa pale mtaani: limelala wazi kaunta, kalamu imefungwa kwa uzi, safu ya jina, namba, kiasi, sahihi. Anayesubiri zamu yake nyuma yako anasoma ukurasa mzima, na akitaka anaupiga picha. Daftari la wageni getini ni hivyohivyo, kuponi za bahati nasibu dukani pia, na fomu za madalali. Dawa yake ni laini ya pili, ya mtandao mwingine, kwenye simu ndogo ya batani. Hiyo ndiyo uiandike kwenye fomu na kuponi. Ile inayobeba benki na pesa ya simu ibaki kwa ndugu na kazi.

Mwisho ni mipangilio ya simu, ambayo wengi huanza nayo na kuishia nayo. Kuzuia namba moja moja husaidia kwa msumbufu mmoja. Kituo cha simu chenye laini nyingi kitakupigia kwa nyingine. Kwenye Android, kile kitufe cha kuzuia wapigaji wasiojulikana ndani ya namba zilizozuiwa huzuia wanaoficha namba, na asiyekuwemo kwenye majina yako bado atapita. iPhone ina cha kunyamazisha namba ngeni zote, na WhatsApp inacho chake kwenye faragha, sehemu ya simu. Hivi viwili vinafanya kazi kweli, mpaka siku unasubiri bodaboda akuletee mzigo kutoka Kariakoo: atapiga mara nne, simu haitalia, naye atageuza. Siku ya mzigo, vizime.