Kinukta kwenye fomu

Ilikuwa 2023, mwaka ule Australia waliporuhusu madaktari wa akili waandikie wagonjwa sailosaibini, ile kemikali ya uyoga wa maruweruwe. Mimi nilikuwa nshabadilishiwa dawa za depresheni mara tatu na bado asubuhi mswaki naona mzito kama gunia. Nikasikia kuna utafiti wa hiyo kemikali unatafuta watu ambao dawa za kawaida zimewagomea, nikasema eh, wananitafuta mimi hao.

Nilienda nimeshakariri kila kitu. Utafiti uliotoka 2022, watu 233, waliomeza miligramu 25, kufikia wiki ya tatu walikuwa na nafuu kuliko waliopewa 1. Kwamba wengi wao nafuu yenyewe haikufika wiki ya 12, hapo nilipapita kama sijapaona.

Dada aliyenipokea alikuwa mpole, akaniambia unalala kwenye kochi, kitambaa machoni, muziki, na watu wawili pembeni yako masaa kama sita hivi mpaka dawa ikutoke, na kabla na baada ni maongezi, tena marefu. Na huambiwi umepata dozi ipi (sasa ukuta ukianza kupumua si utajua tu mwenyewe?).

Halafu fomu. Najaza fasta fasta mpaka nikafika kwenye swali, kuna ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa akili kama skizofrenia au baipola? Kaka yangu. Kuna kipindi alikaa siku nne hajalala, usiku wa manane akapaka rangi milango yote ya nyumba mpaka vitasa, anacheka peke yake. Kalamu ikagusa kisanduku cha Hapana, ikaacha kinukta, nikaitoa. Nikaruka swali.

Dada akapitia, akaweka kidole palepale kwenye kinukta. "Hapa ulitaka kuandika nini?"

Nikamwambia. Hakunigombeza, alinieleza tu kwamba kwa mtu mwenye damu hiyo dawa inaweza kumwamshia ukichaa au akapanda juu asishuke, kwa hiyo hawachukui. Nilielewa kabisa na bado niliwaka, yani naumwa vya kutosha kuja pale ila ukoo ndo umenifelisha!

Niko nje natafuta funguo mfukoni, simu ikaita, kaka. Yeye ndo alikuwa amenisukuma niende.

"Vipi mdogo wangu, wamekuchukua?"

Nikamwambia nafasi zimejaa.