Mizigo Iliyobaki Embakasi

Tiketi ya ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York ilinigharimu kuliko ile ya kupitia Ulaya au nchi za Ghuba, nami niliilipa kwa uchungu ili nisikeshe katika uwanja wa ugenini nikingoja ndege ya pili. Kati ya uwanja wa Jomo Kenyatta na ule wa John F. Kennedy kuna takribani kilomita 11,800, na safari huchukua saa 15 hivi, muda ambao magoti yangu yalikuwa yamebanwa na kiti cha mbele.

Jirani yangu alikuwa mama wa makamo kutoka Kiambu, aliyekuwa akienda kumtazama bintiye aliyejifungua. Alinieleza kwa furaha kwamba sandukuni mwake alikuwa na unga wa wimbi wa kumpikia mzazi uji. Tulipokuwa juu ya Sahara, akaitazama ramani ya kwenye skrini, akaniuliza, “Mbona tunapanda kaskazini, mwanangu, na Marekani iko magharibi?” Nilimweleza kwamba dunia ni mviringo, na njia fupi zaidi kati ya miji hiyo hupinda kuelekea Moroko kabla ya kuvuka Atlantiki.

New York tulisimama kwenye mkanda wa mizigo mpaka ukazimwa. Sanduku lake halikuja, wala langu. Mhudumu alituambia kwamba ndege ilikuwa nzito mno, hivyo baadhi ya mizigo ikaachwa Nairobi. Mama aliketi kwenye kigari kitupu, akauliza mara tatu kama unga wake ungelala mahali pakavu.

Sababu yenyewe naikubali. Embakasi, palipo uwanja wa Jomo Kenyatta, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi, kwa hiyo mabawa na injini hupata nguvu ndogo wakati wa kuruka. Ndege ya masafa hayo hubeba mafuta mengi sana, na hata ikiondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, huenda ikalazimika kupunguza shehena. Mwinuko huohuo ndio unaotupa Nairobi baridi ya Julai na usingizi usiohitaji feni, na sikuwahi kufikiri kwamba unaweza kumnyima mzazi uji. Kurudi ni rahisi zaidi: uwanja wa New York uko karibu na usawa wa bahari, na pepo za juu zinazovuma kuelekea mashariki huisukuma ndege, ikafika kwa saa 14 hivi.

Nisichokikubali ni ule ukimya. Abiria aambiwe akiwa bado Nairobi, afunguliwe sanduku lake, atoe kile ambacho mgonjwa au mzazi anakisubiri na kukibeba mkononi, kwa maana nauli ile kubwa ilikuwa imehesabu na mizigo.