Sekenke, na dumu la Mama Neema

Mara ya mwisho kupanda Sekenke, mlima wa barabara ya Igunga kwenda Singida, nilikuwa nyuma ya lori, kwa miguu, nimekumbatia kigingi cha mti. Ilikuwa 1998, mvua za El Nino zimetoka kuichakaza barabara, lami bado haijafika huko, na mimi utingo wa miaka 19. Kazi yangu ilikuwa moja: gari likiishiwa nguvu katikati ya mlima, kigingi kiwe kimeshaingia nyuma ya tairi kabla halijaanza kurudi. Dereva hakuwa na haja ya kuniita. Injini ikibadilisha sauti tu, nakimbia. Kwa hiyo watu wakinisimulia kona za Sekenke huwa nakaa kimya. Kona sizijui, mimi najua tairi la nyuma.

Siku hizi ni fundi friji, Kirumba, Mwanza, na nina pikipiki, Boxer 150, inayonitembeza kutwa Pasiansi, Nyasaka, Buzuruga. Mwezi huu nimeamua: nakwenda kuupanda mlima ule nikiwa nimeshika usukani mwenyewe.

Jirani yangu wa bodaboda alinishangaa. "Kaka, daraja jipya liko hapo Kigongo, kilomita 3 juu ya ziwa, unavuka unarudi unakunywa chai nyumbani." Nimeshalivuka, ni zuri. Lakini daraja limenyooka.

Njia yenyewe haina siri. Usagara naachana na wa Kigongo, nashika Misungwi, Shinyanga, Tinde, Nzega, Igunga, halafu Shelui, na hapo mlima unakuwa mbele yako kama ukuta. Ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo kwenda na kurudi siku moja nimekataa. Mgongo wangu si wa 1998. Nitalala Singida, ambako nasikia kuna mawe na maziwa mawili, Singidani na Kindai, pembeni tu ya mji. Mtu wa Mwanza atajiona kwao. Vibao vya 50 ni vingi kwenye kila kijiji na tochi za trafiki za kupima mwendo haziko mbali, basi haraka ni ya kupoteza hela tu. Kuanzia Tinde kuna malori ya Rwanda na Burundi, marefu, na kwenye mbuga ya Wembere upepo wa kiangazi unakupiga ubavuni. Ukilipita semitrela pale, upepo unakatika ghafla, halafu unakurudia wote kwa mpigo mmoja. Huo nimeupata njia ya Shinyanga, naujua.

Kupanda hakunipi shida. Boxer itapanda polepole nyuma ya malori, na mimi nitakuwa nachungulia nilikokuwa nakimbia na kigingi, kama pamebaki chochote baada ya lami. Shida ni kuteremka siku ya pili, na shida hiyo imeletwa na mke wangu.

"Baba Neema, unakwenda Singida kutazama mlima?" aliniuliza. "Haya. Uje na mafuta ya alizeti, dumu la lita 20."

Lita 20 za mafuta ni kama kilo 18. Juu ya keria. Kwenye pikipiki ambayo breki zake ni za ngoma, mbele na nyuma. Wenye pikipiki kubwa za diski watanicheka, ila breki ya ngoma ina tabia yake: ukiikanyaga mfululizo kwenye mteremko mrefu, moto unakaa mle ndani, shuu, zile pedi zinazobana ngoma kwa ndani, zinapoteza mshiko, na pedali inashuka bila kukujibu. Na siku hiyo hakuna utingo nyuma yako. Dereva wangu wa zamani, mzee wa Kinyiramba, alikuwa na neno moja: gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia. Nyutro aliita kaburi. Injini ndiyo ikushike, breki unaigusa na kuiachia, na unaigusa kabla ya kona, si ndani yake, kwa sababu ndani ya kona ndipo malori yanapomwagia dizeli.

Kulijua neno ni kitu kimoja, mkono kulizoea ni kingine. Basi Jumapili iliyopita, saa 12 asubuhi, nilifunga dumu la maji la lita 20 kwa mipira ya tairi la ndani, nikapanda kilima cha Bugando. Mama Neema aliposikia alisema angalau nikianguka nitakuwa nimeshafika hospitali.

Nilishuka mara tano. Ya kwanza nilitumia gia ya tatu, nikafika chini nimebana breki zote mbili na nanusa shuu. Ya pili niliweka gia ya pili, injini ikanguruma kama inalalamika, lakini pikipiki ikatulia. Ya tatu ndiyo iliyonifundisha: dumu halikuwa limejaa hadi juu, maji yakawa yanacheza, nikikata kona, yenyewe yanakwenda upande wa pili na kunivuta. Nikalijaza mpaka mdomoni. Ya nne na ya tano sikugusa breki ya nyuma mpaka karibu na chini kabisa. Mlinzi mmoja pale juu alikuwa ananihesabia. Mwishowe akaniuliza kama nauza maji.

Shuu mpya nimeshafunga, cheni nimekaza, tairi la nyuma nimebadilisha, nimelitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mafuta tumekubaliana lita 10, madumu mawili ya lita 5, moja kila upande, yamejaa hadi mdomoni.

Jana usiku ameongeza kuku wawili wa kienyeji. Nimemwambia kuku watapanda basi.