Majivu yalikuwa baridi, kaa lilikuwa hai

Marufuku ya kuwasha moto nje ilitangazwa siku mbili kabla ya wageni wangu kufika. Nilishaahidi kuchoma nyama uani, na jiko la mkaa nilishalisugua. Nilinuna. Mkaa hauna miali, nikajiambia, utaunguzaje msitu?

Ningeshikilia hoja hiyo kama si jambo lililonipata kiangazi kilichotangulia, ambalo sikumsimulia mtu. Tulichoma jioni, tukaacha jiko mpaka asubuhi. Majivu yalikuwa meupe, na nilipoyagusa juu juu yalikuwa baridi. Nikayamwaga nyuma ya uzio, kwenye nyasi kavu, nikaenda zangu. Saa sita mchana nikasikia harufu. Kumbe kaa moja, si kubwa kuliko kidole gumba, lilikuwa hai humo ndani. Upepo ulipopeperusha majivu likapata hewa. Nilikuta duara jeusi la hatua nne tano, na ukingo wake unatambaa kuelekea vichakani. Kwenye jua kali miali ya nyasi huioni vizuri, unaona tu majani yakijikunja na kugeuka meusi. Nilizima kwa ndoo mbili za maji na gunia nililolilowesha. Ilikuwa bahati tu, maana upepo ungezidi kidogo nisingeuwahi moto.

Majivu hulifunika kaa kama blanketi, likabaki na moto siku nzima, hata zaidi. Kulifukia mchangani nako hakusaidii: linaendelea kuwaka taratibu, na atakayeligundua ni mtoto anayepita pekupeku.

Basi nikapiga simu ofisi iliyotoa tangazo, nikauliza hasa kilichokatazwa ni nini. Uliza, usikisie, kwani masharti hayafanani kila mahali. Niliambiwa kuni na mkaa haviruhusiwi hata uani kwangu. Jiko la gesi ruksa, kwa sababu ukifunga vali moto umekwisha papo hapo na hakuna majivu ya kumwaga. Ila liwekwe pasipo nyasi, maji yawe karibu, na mtu asibanduke. Siku ikiwa na upepo mkali hata gesi hukatazwa, kwa hiyo niangalie tena tangazo asubuhi ya siku yenyewe.

Jirani akaniazima jiko lake. Nyasi za kulizunguka nilizifyeka alfajiri zikiwa bado na umande, kwani mashine ya kukatia ikigonga jiwe mchana wa ukame hutoa cheche, nayo cheche moja inatosha. Nikavuta mpira wa maji mpaka pale. Shemeji alilalamika kwamba nyama haina ladha ya moshi. Kweli haikuwa nayo, sikubishana naye.

Marufuku ilipoondolewa nililirudia jiko langu la mkaa, lakini siku hizi silali kabla ya kulizima. Namwaga maji kidogo kidogo nikiwa nimesimama kando, maana mvuke wake unababua. Nakoroga mpaka chini, namwaga tena, kisha nasogeza nyuma ya kiganja bila kugusa. Nikihisi joto, narudia. Majivu yanakaa kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, juu ya saruji, mbali na mbao, siku kadhaa kabla sijayatupa. Mara ya kwanza nilidhani ndoo moja ya maji ingetosha. Zilikwenda tatu.