Watu Wote Wanakusudia

Wiki nzima kuna maneno ya Yona, mtoto wa kaka yangu, yanayonizunguka kichwani. Nane Nane imepita pale Nzuguni, wageni wetu wa Singida wamelala na kuondoka, Baba Neema ameletewa barua ya uhamisho kwenda Kondoa (hilo tuliache, tumekubaliana tusilizungumze kwanza mbele ya watoto), na mimi bado niko jikoni Jumatatu jioni, nakoroga mlenda, nimemgeukia Yona.

Mchana wa siku hiyo, kwenye foleni ya bomba shuleni, kijana wa kidato cha kwanza alipita akaligonga dumu la Yona, maji yakamwagika yote. Yona alimpiga ngumi ya mdomo papo hapo, hata dumu lilikuwa halijaacha kubingirika. Mdomo ukapasuka. Mimi ndiye mwalimu wa malezi, kwa hiyo habari ilinifikia kama kesi kabla haijanifikia kama shangazi. Nilisubiri mpaka tukafika nyumbani.

"Alikusudia?"

"Ndiyo."

"Umejuaje?"

"Shangazi, watu wote wanakusudia. Hakuna anayemwaga maji ya mwenzake kwa bahati mbaya."

Kisha akanyoosha mkono, akachukua kopo la chumvi na kuniwekea karibu, kwa sababu aliona nalitafuta.

Hapo ndipo ninaporudi kila usiku. Angesema kwa hasira ningejua la kufanya. Alisema kwa utulivu, kama anayemwelekeza mgeni njia ya soko la Sabasaba, na mkono uleule uliompasua mwenzake mdomo ukanipa chumvi bila kuombwa. Mtoto huyu si mkatili. Ana picha ya dunia, na anaishi kwa kufuata picha hiyo.

Kwenye somo la saikolojia pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, tulisoma jaribio la Kenneth Dodge wa Marekani, la mwaka 1980. Aliwapa wavulana kazi ya kuunganisha vipande vya picha, kisha wakaona kazi yao imeharibiwa na mwenzao. Ilipokuwa wazi kwamba mwenzao amefanya makusudi, wagomvi na wapole walikasirika sawasawa. Ilipokuwa wazi kwamba ni bahati mbaya, wote walijizuia. Tofauti ilijitokeza pale nia ilipokuwa haijulikani: wapole waliichukulia kuwa bahati mbaya, wagomvi wakajibu kana kwamba wameshambuliwa. Na maisha ya shule karibu yote ndiyo hayo yasiyojulikana. Mtu amekukanyaga. Watu wamecheka ulipopita. Mwalimu amekuruka kwenye swali. Mtoto hujaza mwenyewe sababu, na anajaza kwa kile anachoamini kuhusu watu.

Yona alianza kuamini lini? Wasomaji wangu wa siku nyingi mnaijua habari ya zabibu za kaka, jinsi mnunuzi alivyozichukua bila kuzilipa. Ambalo sikuwahi kuandika ni kwamba Yona, akiwa na miaka 9, ndiye aliyeshika daftari, maana kaka aliupenda mwandiko wake. Kila kreti iliyopanda kwenye gari la yule mnunuzi aliiandika. Malipo yangekuja wiki inayofuata. Zabibu ikishakatwa haingoji, kwa hiyo mkulima hana nguvu ya kumwambia mtu nipe kwanza hela. Wiki ikapita, simu ikawa haipatikani, shamba likafuata, na kaka akaenda Chunya kutafuta dhahabu. Daftari lipo mpaka leo, chini ya godoro la Yona. Nimeliona nikitandika.

Kwa hiyo akiniambia watu wanakusudia, anao ushahidi wa maandishi. Siwezi kumwambia hajui anachosema. Kuhusu yule mnunuzi anajua vizuri kuliko mimi. Tatizo ni kwamba mtu mmoja amegeuka kuwa watu wote, na umri wake ndio umemsaidia kufika hapo. Mwanasaikolojia Jean Piaget aliandika kwamba ni kuanzia miaka 11 au 12 hivi ndipo akili ya mtoto inapoanza kutoka kwenye vitu anavyoviona na kufikiri kwa kanuni za jumla. Tunafurahi akifanya hivyo kwenye hisabati. Hatukumbuki kwamba anafanya hivyohivyo kwenye mambo aliyoyaona nyumbani, na hakuna anayemsahihishia hesabu hizo.

Neema wangu amejenga kanuni ya kinyume. Kwake dunia ina haki kupita kiasi: mwema hulipwa mema, kwa hiyo ukipatwa na baya umelitafuta. Mwanasaikolojia Melvin Lerner alilichunguza jambo hili kuanzia miaka ya 1960. Alionyesha kwamba imani hiyo huwafanya watu wamtafutie kosa mtu aliyeumia bila hatia, mradi tu dunia yao ibaki ya haki. Neema hatafuti kosa la mtu mwingine. Rafiki yake alipoacha kuongea naye muhula uliopita, aliniuliza, "Mama, nimemkosea nini?" na alikuwa anauliza kweli, akitaka orodha. Kabla ya kila jaribio tumbo linamuuma. Hajawahi kumpiga mtu, wala jina lake halijawahi kufika kwenye kamati ya nidhamu.

Kuna dodoso la Mwingereza Robert Goodman, la mwaka 1997, lenye sentensi 25 kuhusu hisia, tabia, utulivu, marafiki na wema wa mtoto kwa wenzake. Nimewajazia wote wawili. Yona alama zake zimepanda upande wa tabia, Neema upande wa hisia, na ukitazama karatasi tu utadhani ni watoto wenye shida mbili zisizohusiana. Katika sentensi zote 25 hakuna inayouliza: watu ni wa namna gani? Dunia inamtendeaje mtu kama wewe? Silaumu karatasi, haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini mimi naishi nao nyumba moja, na ninaona kwamba wote wawili walijibu swali hilohilo wakiwa wadogo, kila mmoja akaondoka na jibu lake.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kila mwenye darasa na apige hesabu. Wanaopiga tunawaona. Wanaoumwa tumbo tunawapa dawa ya maumivu na kuwarudisha darasani. Na hapa Dodoma kuna kikwazo cha ziada, kwa kuwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko jirani na jina lake limefanywa tusi. Hospitali imetibu watu tangu miaka ya 1920, lakini mtoto akisema tu "sijisikii vizuri moyoni", wenzake wanamwambia apande bajaji aende huko. Neema ameniomba nisimwambie mwalimu wake hata kuhusu tumbo.

Jumatano kamati ya nidhamu ilikaa. Mwenzangu mmoja alitaka viboko. Kanuni zinasema visizidi vinne na mkuu wa shule aidhinishe, na yeye alikuwa tayari kuomba idhini. Nilizungumza kwa hasira, nami sijutii. Niliwaambia mtoto huyu anaamini kwamba watu wanaumiza makusudi, na hakuna kitu duniani kinachofanywa kwa makusudi kuliko kiboko: kinajadiliwa, kinaidhinishwa, kinahesabiwa, kinaandikwa kwenye kitabu. Tukimchapa tutakuwa tumemwongezea ukurasa kwenye daftari lake. Kimya kikawa kirefu. Mwalimu wa zamu, mzee wa watu ambaye huwa hasemi sana, ndiye aliyependekeza Yona amchotee maji yule mtoto, asubuhi na mchana, mpaka mdomo upone. Wakakubali.

Nilirudi nyumbani nimechoka, nikiwa na hakika kwamba atalichukulia hilo nalo kuwa uonevu. Alichota Alhamisi bila kusema neno. Ijumaa, tukiwa njiani, vumbi limetujaa machoni kama kawaida ya Agosti, akaanza mwenyewe.

"Shangazi, yule dogo anakaa Chang'ombe na bibi yake. Anakuja kwa miguu."

"Nani kakwambia?"

"Nimemuuliza."

Tukatembea. Nikajizuia, nikajizuia, nikashindwa.

"Kwa hiyo, siku ile alikusudia?"

Akafikiri. Sijawahi kumwona anafikiri muda mrefu namna ile juu ya jambo ambalo halina namba ndani yake.

"Bado sijui."

Nilitaka kuimba pale barabarani! Nikamuuliza kama ana njaa, tukanunua mihogo ya kukaanga kwa yule mama wa kona ya Nkuhungu, tukala. Daktari wa akili Aaron Beck aliandika kwamba mtu aliyezama kwenye sonona huiona vibaya nafsi yake, dunia, na kesho yake, yote matatu kwa pamoja, na matibabu aliyoyaanzisha yanamsaidia mgonjwa kuyapima mawazo hayo, mgonjwa na mtaalamu wakitazama ushahidi pamoja. Yona hana sonona, sisemi hivyo, na mimi si tabibu. Lakini "bado sijui" ni maneno ya mtu aliyeanza kupima, na aliyeyafikia alikuwa amebeba dumu la mwenzake, bila hotuba yangu hata moja. Sasa nawaza Neema atapewa kazi gani itakayomwonyesha kwamba baya laweza kumpata mtu asiye na kosa. Hilo ni gumu zaidi. Kumwambia kwa mdomo nimeshamwambia sana.

Mama amepiga simu leo. Anasema jicho la kulia limezidi ukungu, jana kamimina uji nje ya kikombe. Nikamwambia hospitali ya Mvumi ni jirani yake na wana huduma ya macho, watu wanatoka mbali kuifuata. Anasema ataenda zabibu zikiisha. Wanaovuna ni vibarua, yeye anakaa tu kuwahesabia, sasa sijui anahesabu nini kwa jicho hilo. Baba Neema akihamia Kondoa mwezi ujao, gari litaenda naye, na Mama hapandi bodaboda. Kesho nitampigia dada niulize kama mumewe bado anapita njia ya Mvumi siku za mnada.